Kiini cha Yai Ndani ya Maziwa ya Mavyaa

Mwaka niliomlisha mavyaa wangu mayai bila yeye kujua, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na nilijiona najua kila kitu. Nasema hivi mwanzo kabisa asije mtu akadhani nasimulia ili nijitetee. Sina utetezi. Nilimpenda mama yule, nikamdanganya, akapata nafuu, nikampoteza.

Mavyaa, kwetu Lamu, ni mama wa mume. Wangu mimi alikuwa mwanamke wa Kisomali, mfuga ngamia wa upande wa Modogashe, na mwanawe alikuwa mfanyabiashara wa ngozi pale Garissa. Huyo mwanawe alifika kwetu kwa shughuli za ngozi zake, akaposa, akapewa, nami nikapakiwa kwenye lori na masanduku yangu mawili. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vikuu vya pili. Garissa ilikuwa boma la serikali, safu moja ya maduka, hospitali ndogo, msikiti na mto. Wiki ya kwanza nililia mpaka macho yakavimba, na mume wangu, maskini, akawa anatoka nje kila mara kana kwamba ameitwa.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka sita. Kwa hiyo shangazi zangu waliponitisha kwamba mama wa mume atanikalia kichwani, niliogopa kweli, kwa maana sikuwa na wa kumkimbilia. Basi akaja. Alikuwa mrefu, mkavu, ana meno yote kinywani. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu huku na huku vile watu wanavyomtazama mbuzi mnadani, akasema, "Huyu nembamba sana, bole yake," kisha akafungua samli aliyoileta na kunipaka kichwani kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimesahau kabisa mkono wa mama unavyokuwa kichwani. Nikalia tena, yeye akacheka. Tangu siku hiyo akaniita gabadhey, binti yangu, na mimi nikamwita hooyo, mama, na sikulitamka neno hilo kwa adabu tu.

Alikuwa akija mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua. Kisomali changu kilikuwa cha kuokota okota na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, pole kwake ni "bole", lakini tulisikizana. Kitu kimoja tu kilitutenganisha, nacho ni kuku.

Mimi ni mtu wa Pwani, siwezi nyumba isiyo na kuku. Nilifuga sita nyuma ya jiko. Watu wa porini kule, zamani zile, hawakula kuku wala mayai. Si kwamba ni haramu. Sheikh yeyote angewaambia ni halali, nao wakijua hivyo. Ilikuwa karaha tu: ndege gani huyu, anadonoa uchafu, hana maziwa, hahami na watu, na mtu akisikika anakula kuku basi imejulikana kwamba mifugo imemwishia. Mavyaa akiwaona kuku wangu alikuwa akisimama mkono kiunoni. "Gabadhey, hii ndio ngamia yako?" Mimi namjibu, "Ndiyo, hooyo, na zinazaa kila siku, za kwako je?" "Basi kamua, tunywe." Tunacheka mpaka tunashika mbavu. Lakini siku nilipomkaangia mume wangu mayai, mavyaa alihama jikoni na mkeka wake akaenda kulala chumba cha ngozi, kwenye uvundo ule, akisema huko kuna harufu nzuri zaidi.

Na alikuwa na chombo chake cha maziwa, kilichofumwa kwa mizizi, kimebana hata hakivuji tone. Wenyewe wanakiita dhiil. Alikifuma mama yake kwa ajili ya harusi yake. Mavyaa mwenyewe ndiye aliyenifundisha kukitunza: asubuhi unatia makaa ya mti wao maalumu ndani, unafunika, unatikisa, moshi unaingia kwenye mfumo wote, kisha unamwaga makaa, unapangusa, ndipo unatia maziwa. Haoshi kwa maji. Hatii maziwa ya ng'ombe wala ya mbuzi. Maziwa ya ngamia peke yake, tangu siku ya harusi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ukaja ukame mrefu, na mwisho wa ukame homa. Mavyaa aliletwa kutoka Modogashe juu ya lori, amelazwa kwenye marundo ya ngozi, amefunikwa shuka. Nilipomteremsha alikuwa mwepesi kiasi cha kunitia hofu. Homa iliondoka baada ya siku chache, hospitalini walimpa dawa zake, lakini yeye hakurudi. Mwili ulikuwa pale, mwenyewe hayupo. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Alisali adhuhuri rakaa tatu, akatoa salamu, akakaa anashangaa. Aliniita jina la binti yake aliyekufa utotoni. Na mambo ya ngamia, ambayo alikuwa akiyasoma kifuani hata ngamia ishirini, huyu binti wa yule mwenye sikio lililopasuka, yule mama wa wale mapacha, yote yalimchanganyika. Alianza, akapotea, akaanza tena, akaanza kulia. Wallahi, hakuna kitu kilichoniuma katika ujana wangu kuliko kumwona anawatafuta ngamia wake kichwani na hawaoni.

Mume wangu alikuwa safarini, amekwenda kununua ngozi Hadado na kwingineko, na mvua zilipoanza nikajua hatarudi karibuni. Nikaenda kwa dresa wa hospitali, yule mfunga vidonda na mgawa dawa. Huyu alikuwa mtu wa mtoni, mpole, ana kalamu mbili mfukoni na kitabu kinene cha dawa alichokuwa akikisoma hata wakati wa kula. Nikamweleza. Akasema mgonjwa amekaushwa na njaa na homa, na mishipa ya fahamu nayo inakula, na chakula chake kimoja ni mafuta fulani yanayoitwa lesithini. Yamo kwenye ubongo wa kila kiumbe, alisema, na yamo kwa wingi kwenye kiini cha yai. Wazungu wanayatoa humo, wanayatia kwenye chupa, wanawapa watu waliochoka akili, wanaotetemeka na wanaosahau. "Kitabu kinasifu sana," alisema. "Mimi sijamwona mgonjwa aliyeitumia, nisikudanganye." Hilo la mwisho mimi sikulisikia. Masikio yangu yalikwisha kubeba yale ya mwanzo na kukimbia nayo.

Dukani kulikuwa na chupa moja tu, imekaa rafu ya juu mpaka karatasi yake imefifia. Uji mzito wa rangi ya samli iliyoungua. Nikampa vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, nikimwambia ni dawa, naye akafungua kinywa bila swali, kwa sababu mkono ulikuwa wangu. Mtu hamuulizi binti yake ameshika nini.

Chupa ikaisha siku ya kumi. Hakuna nyingine, na njia ya malori imekatwa na matope. Nikarudi kwa dresa. Akasema, "Mbona una kuku? Chupa ile asili yake ni yai. Mpe viini viwili kwa siku, vibichi au vilivyopata moto kidogo." Nikamwambia huyu hali mayai. Akanitazama akasema, "Basi zungumza naye."

Zungumza naye! Ushauri mwepesi namna hiyo, na wa bure. Nilirudi njiani nikijisemea: nitazungumza na nani, mtu ambaye hajui leo ni Ijumaa? Atakataa, atadhoofika, atakufa, na mimi nitakuwa nimemuua kwa adabu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba kulikuwa na saa kila asubuhi, baada ya alfajiri, akili yake ilipokuwa imetulia kabisa. Nilikuwa naijua saa hiyo. Ningeweza kukaa naye saa hiyo. Niliogopa atasema hapana, nami nilikuwa sitaki kusikia hapana.

Basi nikaanza. Kina mama walikuwa wakileta maziwa ya ngamia mjini kila asubuhi, na kwa mvua zile maziwa yalikuwa mengi. Nayapasha moto kidogo, navunja mayai mawili mapya, ute naumwaga, viini navipigapiga kikombeni, namiminia maziwa polepole. Nilishangaa jinsi kilivyojificha. Hakielei, hakitengani, maziwa yanakuwa laini tu na mazito kidogo. Nilipomwambia dresa akafurahi sana, akasema hiyo ndiyo kazi ya lesithini, inapatanisha mafuta na maji. Lakini harufu ilibaki. Kidogo, ila pua ya mfugaji si pua yangu. Ndipo nikafikiri juu ya dhiil. Moshi wake ungefunika kila kitu.

Nilifanya hivyo. Nilivuta pumzi, nikajitia hamnazo, nikamimina maziwa yenye mayai ndani ya chombo ambacho mama yake alikifuma. Wala sikusita, hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Nilikuwa hata najisifu kwa ujanja wangu.

Akanywa. Siku ya kwanza, ya pili, wiki, wiki ya tatu. Na akapata nafuu! Mungu ni shahidi yangu, sizidishi. Kwanza mikono ilitulia. Kisha usingizi ukamjia vizuri. Kisha siku moja akaniita jina langu mwenyewe, nikadondosha kifuniko. Rakaa zikatimia nne. Akaanza kunidhihaki tena, "Hii ngamia yako leo nakula nini, nakula kiatu ya bwana yako?" Na asubuhi moja akakaa juu ya mkeka, akaanza kutaja ngamia wake, mmoja baada ya mwingine, mama na binti na mjukuu, mpaka akamaliza wote bila kukwama. Nilikimbilia uani nikapiga vigelegele peke yangu. Kuku wakatawanyika.

Ilikuwa lesithini? Sijui. Siku hizi naiona inauzwa kwenye vidonge vya rangi ya asali, wanaitoa kwenye soya, mjukuu wangu anavimeza na ananiletea na mimi. Nimemuuliza daktari wake, naye akaniambia yai ni chakula kizuri na mwili unaihitaji kweli lesithini, lakini kwamba inamrudishia mzee kumbukumbu, hilo halina hakika, usije ukaapa. Inawezekana yalikuwa maziwa yale ya mvua. Inawezekana ni kula mara tatu na kulala pasipo fisi. Fikiria basi: inawezekana nilimdanganya bure kabisa. Nikilala nikiwaza hili najigeuza kama mtu mwenye upele.

Ajabu ni kwamba kupona kwake ndiko kulikonikamata. Siku zote za ugonjwa, dhiil nilikuwa nikiifukiza mimi, mbio mbio, makaa machache, kwa kuwa nilijua la kufanya humo. Sasa amepata nguvu, asubuhi moja nikamkuta jikoni, amejifunga kanga yangu kiunoni, ameketi na chombo chake katikati ya magoti. "Leo mimi," alisema. "Wewe bumzika." Sikuwaza lolote, nikaendelea kuchambua mchele. Akatia makaa mengi, mekundu, vile inavyotakiwa, akafunika, akatikisa.

Kiini cha yai kilikuwa kimejipenyeza kwenye mfumo ule, wiki tatu, kikakaukia humo. Makaa yakakipika. Alipofungua, moshi uliotoka haukuwa wa mti. Jiko zima lilinuka yai lililoungua.

Akainusa. Akainusa tena. Akanitazama mimi, akatazama uani, akarudi kwangu.

"Gabadhey. Wewe nalisha mimi nini?"

"Dawa, hooyo."

"Dawa gani?"

Ningeweza kulia pale pale nikamshika miguu. Lakini mimi nilikuwa na hasira zangu za Pwani, na mtu akikamatwa na kosa hasira huja mbele. Nikasimama na ungo wangu. Nikamwambia ndiyo, ni yai, kiini cha yai, na ni halali, muulize sheikh! Nikamwambia limekuponya, jana umetaja ngamia wako wote, nani amekurudishia ngamia wako kama si mimi? Nikamwambia ulikuwa unasali rakaa tatu, ulikuwa umepotea, sasa umerudi, unanuna kwa sababu ya kuku? Niliropoka yote hayo kwa sauti, na kadiri nilivyoropoka ndivyo nilivyokuwa nasikia mwenyewe jinsi ninavyomhesabia wema wangu, na sikuweza kunyamaza.

Alisubiri nimalize. Hakuinua sauti. "Mimi si mtoto," alisema. Kisha akainuka na dhiil mkononi, akatoka uani, akainama akaiweka ndani ya banda la kuku, kwa utaratibu, imesimama wima. "Hii sasa yao," alisema. Akaenda kukunja mkeka.

Mume wangu aliporudi, njia zilipokauka, alimkuta mama yake analala kwa jirani. Alijaribu kupatanisha. Mavyaa alimwambia hana ugomvi na mtu, anataka tu kwenda kwa ngamia wake. Na kweli hakuninunia. Alinisalimia, aliniombea dua, aliendelea kuniita gabadhey. Lakini hakula tena kitu kutoka mkononi mwangu. Nikileta chai alisema amekunywa. Nikileta wali alisema amefunga. Siku ya safari nilimpikia anjera, mkate wao mwembamba, mbele ya macho yake, akaona unga, akaona maji, akaona kila kitu. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na lori lilipoondoka nikaiona pale kwenye ukingo wa baraza, nzima, imefunikwa vizuri na kitambaa chake. Nilikaa chini vumbini nikalia, na safari ile mume wangu hakutoka nje kana kwamba ameitwa, alikaa chini pamoja nami.

Alikuja tena, mwaka hata mwaka. Watoto wangu alinipokelea kwa mikono yake, akawapaka samli, akawaimbia. Maji yake alikuwa akija nayo. Ikapita miaka minane hivyo, na katika miaka hiyo Kisomali kilinikaa kinywani, nikaweza kuzungumza naye lolote, isipokuwa hilo.

Mwisho tukaletewa habari kwamba amelala na hainuki. Tukapanda lori mpaka Modogashe, kisha tukatembea mpaka kwenye makazi yao. Safari hii akili ilikuwa nzima, ni pumzi tu iliyokuwa ikimwishia. Mume wangu alipokwenda kusali nje na wanaume, tukabaki wawili ndani. Niliona kikombe cha maziwa ambacho walikuwa wametoka kumkamulia, kina povu bado. Nikakichukua, nikamwinua kichwa kwa mkono mmoja, nikakisogeza mdomoni.

Hakufungua kinywa. Alikuwa ananitazama tu, bila uadui wowote.

Hapo ndipo nilipouliza, kwa Kisomali, swali nililolibeba miaka yote hiyo. "Hooyo, asubuhi ile ya kwanza ningekuja nikakuambia, hiki ni kiini cha yai, nakuomba unywe, ungekunywa?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Angeniambia yule wa hospitali, hapana," alisema. "Angeniambia mwanangu, hapana vilevile, ningemtukana." Akapumzika, akavuta pumzi. "Ungeniambia wewe, ningeziba pua nikanywa. Tena ningekuambia ni tamu, ili usihuzunike."

Kisha akakisukuma kikombe, taratibu, kwa ncha za vidole, mpaka kikarudi kwangu. Nilikaa nacho mapajani. Akaniambia ninywe mimi, nimetoka mbali, nina kiu. Nikanywa. Yalikuwa maziwa matupu.